Dawa za kinga ya TB ukiwa na VVU: jinsi ya kuzianza na kuzimaliza salama

"Mimi sikohoi, kwa nini nipewe dawa za TB?" Mimi ni MVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, kwenye CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, hapa Mwanza, na swali hili nalisikia karibu kila siku ya kliniki. Jibu langu halibadiliki: unapewa kwa sababu hukohoi. Anayekohoa anapimwa, na akikutwa na TB anatibiwa. Asiye na dalili ndiye anayekingwa.

Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wanabeba vimelea vya TB vilivyolala mwilini. Wengi hawataugua maisha yao yote. Kwetu sisi wenye VVU hatari ya vimelea hivyo kuamka ni kubwa zaidi, zaidi ya mara kumi ya wengine. ARV zinaishusha sana, lakini haziimalizi. Utafiti wa TEMPRANO wa Ivory Coast, ambao matokeo yake ya muda mrefu yalitoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliopewa isoniazidi kwa miezi sita walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 37 kuliko wasiopewa, na faida hiyo ilionekana hata kwa walioanza ARV mapema. Nawaambia wenzangu habari hii kwa sababu wengi wanadhani virusi vikishafubaa basi kazi imekwisha.

Kazi ya kwanza ni yako, na unaifanya kabla ya kumeza kidonge chochote: jibu maswali manne kwa ukweli. Una kikohozi? Una homa? Umepungua uzito? Unatoka jasho jingi usiku? Naumia nikimsikia mtu anajibu "hapana, hapana, hapana, hapana" hata swali halijaisha, kisa foleni ya dirisha la dawa ni ndefu. Kwa mwenye VVU hatusubiri kikohozi kifike wiki mbili. Hata kama kimeanza juzi, hata kama unaamini ni vumbi au moshi wa kukaushia samaki, kiseme. Utaombwa makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB, na ikibidi upigwe picha ya kifua. Mwenye CD4 (chembe za kinga ya mwili) za chini au aliye mgonjwa sana anaweza kupimwa na mkojo pia. Ukificha TB iliyokwisha kuamka, dawa ya kinga haina nguvu ya kuitibu. Itaua vimelea dhaifu na kuacha vile vilivyo sugu, na hapo matibabu yako yatakuwa marefu na magumu.

Siku hiyohiyo mwambie mhudumu kama umewahi kuugua ini, kama unakunywa pombe mara kwa mara, kama una ganzi miguuni, kama una mimba au unatarajia kushika, na dawa nyingine zote unazotumia, za kienyeji zikiwemo. Hakuna atakayekufokea. Majibu hayo ndiyo yanayoamua upewe ipi.

Zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni isoniazidi peke yake, kila siku kwa miezi sita. Ya pili inaitwa 3HP, yaani isoniazidi na rifapentini, mara moja kwa wiki, dozi 12. Anayetumia TLD, kidonge cha ARV chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, anaweza kumeza 3HP bila kubadilishiwa ARV. Anayetumia ARV za atazanavir au lopinavir hachanganyi na rifapentini, huyo atapewa isoniazidi. Mjamzito naye hapewi rifapentini. Pamoja na isoniazidi utapewa vitamini B6, ambayo watu wengi huiacha mezani wakidhani ni ya nyongeza tu. Imeze. Ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu usipate ganzi na miguu kuwaka moto.

Isoniazidi ya kila siku ifunge pamoja na ARV zako, saa ileile. Ugumu uko kwenye 3HP, kwa sababu wiki ni ndefu na siku husahaulika. Chagua siku ambayo tayari ina jina maishani mwako: Ijumaa ya msikitini, Jumapili ya kanisani, siku ya gulio. Wavuvi wa dagaa nawashauri wasitumie mwezi. Mwezi ukiwaka wanarudi nyumbani, ukizama wako kambini visiwani, na ratiba inavurugika. Siku ya wiki haibadiliki, uwe Igombe au Ukerewe. Dozi zote za safari ziende nawe kwenye begi. 3HP imeze baada ya kula.

Ukisahau dozi ya wiki ukaikumbuka ndani ya siku mbili, imeze mara moja na urudi kwenye siku yako ya kawaida. Zikipita zaidi ya siku mbili, imeze, na siku hiyo ndiyo iwe siku yako mpya. Kati ya dozi na dozi zisipungue siku nne, na usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Ukiwa kwenye 3HP, mkojo, jasho na machozi vitageuka rangi ya machungwa au nyekundu. Si damu. Nimeona watu wazima wakitupa dawa kwa hofu hiyo tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Rifapentini pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, kwa hiyo tumia kondomu kipindi chote.

Dalili za ini ni jambo jingine kabisa. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ukatapika, ukapoteza hamu ya kula au tumbo likauma upande wa kulia juu, acha dawa ya kinga siku hiyohiyo na uende kituoni. Usisubiri tarehe ya kliniki. Fanya hivyohivyo ukipata vipele mwilini, au homa na kizunguzungu kila baada ya dozi. Gongo na bia ziweke pembeni mpaka umalize. Ombi hili halipendwi, lakini ini moja haliwezi kubeba vyote.

Kikohozi kikianza katikati ya dozi, rudi upimwe.

Siku ya dozi ya mwisho hakikisha mhudumu ameandika kwenye kadi yako dawa uliyotumia na tarehe uliyomaliza. Ukihamia kituo kingine bila maandishi hayo, wanaweza kukuanzishia upya. Na maswali manne utaendelea kuulizwa kila ukienda CTC.