SOMO: Kigali kwa basi, peke yako, kwa mfuko wa mlalahoi

Wakuu, naandika hili ili nipumzike. Tangu niweke picha zangu za Kigali, inbox haiishi: "Mkuu ulifikaje? Viza bei gani? Ulilala wapi?" Viza hakuna. Mengine yote yako hapa chini. Soma mpaka mwisho kwanza, ndipo uulize.

Nilisafiri peke yangu kutoka Dar, begi moja la mgongoni, hotelini kwa mtu sikukanyaga. Kama unatafuta bwawa la kuogelea, somo hili si lako.

1. Hati. Pasipoti. Mtanzania anaingia bure kama raia wa Afrika Mashariki. Mnaosikia watu wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, hao ni Wakenya, Waganda na Wanyarwanda kwa makubaliano yao wenyewe. Kama huna pasipoti na una haraka, ulizia hati ya dharura ya safari Uhamiaji.

2. Kadi ya homa ya manjano. Uwe nayo.

3. Njia. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Benako, Rusumo, Kigali. Basi la moja kwa moja lipo, na linakula usiku mzima na zaidi. Kwenda nililipanda hilo. Kurudi nikakata vipande: mchomoko (gari dogo la kuchangia) kutoka mpakani hadi Benako, basi hadi Kahama, nikalala gesti, kesho yake Dodoma, kisha SGR hadi Dar. Vipande vinachosha kidogo, lakini unaiona nchi mchana na unakula ukiwa umekaa mezani.

4. Pesa. Faranga moja ilikuwa shilingi mbili kasoro, kwa hiyo bei yoyote unayotajiwa izidishe mara mbili kichwani na hutaumia. Badilisha kiasi kidogo mpakani cha kukufikisha, kingine badilisha mjini kwenye duka la fedha. Noti yao kubwa ni ya 5,000, basi ukipewa kibunda usijione tajiri. Kihesabu hapohapo, mbele ya aliyekupa.

5. Mpaka wa Rusumo. Hapa tulia, maana hapa ndipo nilipovurunda.

Rusumo ni kituo cha pamoja. Ukielekea Rwanda, hugongewi muhuri wa kutoka upande wa Tanzania. Basi linavuka daraja la mto Kagera, mnashuka upande wa Rwanda, na maofisa wa nchi zote mbili wako kwenye jengo moja. Unaanza dirisha la Tanzania kugonga kutoka, ndipo unahamia la Rwanda kugonga kuingia. Ukirudi ni kinyume chake: yote mawili yanamalizwa upande wetu.

Mimi nilifika nina usingizi. Foleni ya dirisha la Tanzania ilikuwa ndefu, la Rwanda lilikuwa na watu watatu, nikajiona mjanja nikajipanga pale. Yule ofisa akafunua pasipoti kurasa zote, akanitazama, akanirudishia bila neno, akanionyesha kwa kalamu ile foleni niliyoikimbia. Nikaenda nyuma kabisa. Nilipomaliza, basi letu halikuwepo mahali nilipoliacha. Lilikuwa limesogezwa kwenye ukaguzi wa mizigo, katikati ya mabasi mengine ya rangi ileile, laini yangu ya Tanzania imekata, na sweta, chaja na akiba yangu ya pesa viko ndani. Nililipata kwa kumtambua abiria mwenzangu aliyekuwa amevaa kofia nyekundu. Kwa hiyo:

- Dirisha la nchi unayotoka kwanza. Siku zote. Hata kama foleni inafika mlangoni.
- Namba ya basi na simu ya konda iandike kwenye KARATASI. Simu mpakani haiaminiki.
- Pesa na hati zikae mwilini, si kwenye begi.
- Vijana wa "lete pasipoti nikusaidie" wajibu kwa salamu tu, uendelee na foleni yako.
- Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008 na mizigo inakaguliwa kweli. Mama mmoja wa basi letu alitoa vitenge vyake vyote kwenye nailoni, kimoja kimoja, akavifunga upya ndani ya khanga, watu wote tunamsubiri.
- Daraja usilipige picha.

6. Saa. Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Wao wanahesabu kama sisi, asubuhi ikifika saa mbili wanasema saa mbili, ila yao ni saa tatu ya kwetu. Tiketi ya kurudi inasoma saa ya kwao. Ukiwa Ngara na Benako simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kubadilisha saa yenyewe, kwa hiyo zima ile ya kujirekebisha. Na magari wanaendesha kulia: ukivuka barabara, anza kutazama kushoto.

7. Kulala. Nyamirambo au Remera, na nyumba za wageni za makanisa. Nyamirambo wanaongea Kiswahili kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji, na ukitembea hadi Biryogo kuna mitaa iliyopakwa rangi isiyoruhusu magari, watu wamekaa nje na chai yao. Nilijisikia nyumbani mapema kuliko nilivyotaka.

8. Kuzunguka. Mabasi ya mjini yanalipiwa kwa kadi, usimkunjulie dereva noti. Pikipiki zinaitwa moto: abiria mmoja tu, na kofia ngumu unapewa na unavaa. Patana bei kabla hujapanda. Kutembea ni bure lakini vilima ni vya kweli. Ramani inakuambia dakika kumi, haikuambii kwamba zote ni kupanda.

9. Kula. Hapa ndipo bajeti yangu ilipovuja. Kila mtu anasifia usafi wa Kigali, na ni kweli, lakini usafi ule una bei yake kwa msafiri wa mfuko mwepesi. Hakuna mama ntilie kandokando ya barabara, hakuna wa kukuuzia mahindi ya kuchoma wala maji ya dirishani, maana biashara ya kutembeza imekatazwa. Kila ukisikia njaa unaingia ndani ya mlango, na mlango una kodi. Dawa yake ni mélange: mchana unalipia sahani moja, unajipakulia wali, ndizi, viazi, maharage, isombe (kisamvu chetu kile), nyama wanakuhesabia. Unapakua mara moja tu, kwa hiyo utawaona watu wamejenga mlima wenye kuta za viazi ili maharage yasimwagike. Asubuhi tafuta duka lenye maandishi *amata*. Ni baa ya maziwa. Kikombe kikubwa cha ikivuguto, maziwa yaliyoganda, na andazi, ukitoka hapo unafika saa nane hujasikia njaa.

10. Gisozi. Makumbusho ya mauaji ya kimbari. Kuingia ni bure. Wamezikwa hapo zaidi ya watu 250,000. Usiipange siku moja na matembezi mengine. Na popote utakapokuwa Rwanda, usimuulize mtu kabila lake.

Nyabugogo, stendi kuu, ni vurugu ya kawaida ya stendi. Zile picha za Kigali za mtandaoni hazikupigwa pale.

Maswali.

---

Mtoto wa Jangwani: Shukrani mkuu. Kwani pasipoti ni lazima?

Mleta somo: Hatua ya 1.

Kiroba Cheusi: Nauli nzima Dar hadi Kigali ni shilingi ngapi kwa sasa?

Mleta somo: Nauli zinapanda, nikikutajia ya kwangu utakuja kunilaumu. Nenda ofisi za mabasi pale stendi, ulizia mbili tatu ulinganishe.

Zuwena wa Ilala: Kaka, mimi ni mwanamke na nataka kwenda peke yangu. Usiku pakoje? Usinijibu kiujumla.

Mleta somo: Dada, swali zuri. Nilichokiona kwa macho yangu: saa tatu usiku mabinti wanatembea wenyewe na simu mkononi, taa za barabarani zinawaka, na askari wamesimama kwenye kona kubwa. Sikusikia mtu akimwitaita mwanamke njiani kama tunavyofanya huku. Ila pangilia ufike Kigali mchana. Ukifika na basi la usiku, baki stendi kwenye watu mpaka papambazuke. Na chumba cha usiku wa kwanza kilipie mapema, usianze kutafuta gesti na begi mgongoni.

Pwani Kuchele: @Zuwena mie nilienda peke yangu pia. Nyongeza yangu: beba sweta. Jioni kuna kibaridi na sisi wa pwani tunatetemeka bure.

Mzee wa Data: Uongo. Mimi nimevuka Rusumo na kitambulisho cha NIDA, hakuna aliyeniuliza.

Mleta somo: Wakazi wa pale mpakani wana taratibu zao za kuvuka. Mtu akitoka Dar saa zote hizo kwa ushauri wako akarudishwa, nauli utamlipa wewe? Somo langu ni la kwenda hadi Kigali, si la kwenda sokoni ng'ambo.

Fundi Saa: Nilifika Jumamosi asubuhi, maduka yamefungwa, magari hakuna, nikadhani kuna msiba wa kitaifa. Ni kitu gani kile?

Mleta somo: Ha! Ulikutana na umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi ya kwao, watu wanatoka kufanya kazi za mtaa: kufyeka, kuzibua mitaro, kumjengea mtu nyumba. Baadaye wanakaa kikao. Wewe mgeni hulazimishwi, ila ukiomba jembe utapewa, na mtaa mzima utakujua jina kabla ya mchana. Usipange safari asubuhi hiyo. Vilevile kuanzia tarehe 7 Aprili kuna wiki ya maombolezo, muziki na starehe vinasimama. Ukienda kipindi hicho, nenda ukijua.

Bidhaa Chapu: Mkuu hivi nikibeba vitenge vya kwenda kuuza kule vitalipa?

Mleta somo: Sijui biashara. Hili ni somo la matembezi.

Mnyambo: Umepita Benako umepataja kama kituo cha mchomoko tu. Sisi wa Ngara hatupaiti hivyo. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 250,000 walivuka lile daraja kwa muda wa kama siku moja. Nilikuwa mdogo. Mashamba yetu yaligeuka mji wa turubai, kuni zikaisha vilimani, na mtoni kulikuwa na mambo ambayo baba alitukataza kwenda kuyaona.

Mleta somo: Asante kwa kulisema, mkuu. Nilipovuka kwenda nilikuwa nawaza muhuri tu. Kurudi, nikiwa nimetoka Gisozi, nilikaa dirishani nikaangalia yale maporomoko chini ya daraja mpaka tukavuka. Kama una ya kueleza zaidi kuhusu kambi ile, fungua uzi wake, nitausoma wote.

Mnyambo: Nitaandika.

Kamusi Hai: Nje ya mada kidogo: ni kweli Rwanda tuliwahi kuwa koloni moja nayo?

Mleta somo: Ndiyo, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kigali yenyewe ilianzishwa 1907 na Mjerumani, Richard Kandt, na nyumba inayobeba jina lake sasa ni makumbusho. Tembea kwa miguu kutoka katikati ya mji.

Ng'ombe Wangu: Mimi Msukuma, makumbusho ya watu siendi. Ng'ombe wapo?

Mleta somo: Wapo, na hutaamini. Panda basi Nyabugogo kwenda Nyanza, kwenye makumbusho ya ikulu ya wafalme. Nyuma ya ile nyumba kubwa ya nyasi wanafuga inyambo, ng'ombe wa kifalme. Pembe zimeinuka hadi nikajiuliza shingo inazibebaje. Mchungaji anawaimbia kwa jina, na aliyeitwa anageuza kichwa. Nilitaka nikae nusu saa, nikakosa basi nililokusudia.

Ng'ombe Wangu: Maksai wao wanalima?

Mleta somo: Hao hawalimi, mkuu, wanatazamwa tu. Kata tiketi ya kurudi Kigali pale pale unaposhuka, maana mabasi ya jioni yanajaa, na yakiondoka yanaondoka kwa dakika iliyoandikwa. Hakuna "tunasubiri abiria wawili".