Ukienda San Juan mwezi wa tatu au wa nne, anza na ratiba ya meli

Hili nimelijua juzi tu nikipanga safari ya Puerto Rico. Kabla hujaamua ni siku gani utazunguka mji wa kale, ingia mtandaoni tafuta ratiba ya meli za kitalii zinazoingia bandari ya San Juan, halafu chagua siku isiyo na meli au yenye moja tu. Sababu ni kwamba nyingi zinafunga gati chini kabisa ya mji wa kale, abiria akishuka ni hatua chache yuko kwenye ile mitaa myembamba ya mawe ya bluu, na meli moja kubwa inabeba watu zaidi ya 3,000, sasa piga hesabu zikija tatu kwa mpigo, hata kiti cha kunywea kahawa hupati. Cheki na saa pia, maana kuna zinazoingia mchana zikaondoka usiku, kwahiyo asubuhi unaikuta ngome ya El Morro imetulia, ni wewe na upepo wa bahari. Ila Wiki Takatifu ujanja huu haufui dafu (2027 Pasaka ni Machi 28), na wikiendi vilevile, hapo wenyeji wenyewe wanajaa kwenye nyasi za ngome kurusha tiara, ingawa hiyo mi naona ni raha yake. Ratiba zinabadilika, ichungulie tena usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na viza ni ileile ya Marekani, usije ukasahau.