Jinsi ya kupima maji ya kisima kwa taa ya noti bandia, na pale watu wanapokosea

Mimi ni mtu wa maabara hapa Amu, kisiwani Lamu, na kila mvua ikinyesha lazima nipate jirani mlangoni ameshika chupa ya maji ananiambia "hebu niangalizie". Basi naandika mara moja hapa nipumzike.

Kwanza uelewe unachopima: tunatafuta dalili kwamba kinyesi kimeingia majini. Bakteria mwenyewe huwezi kumwona, unachoona ni kazi yake. E. coli ni mdudu wa matumboni, wa watu na wa punda pia (na sisi punda tunao wa kutosha), na wengi wao wanatoa enzaimu inaitwa beta-glukuronidesi. Ndani ya tyubu za kupimia kuna unga wenye kitu kinaitwa MUG, ambacho ni rangi iliyobanwa na sukari. Ni kama dafu, utamu uko ndani lakini mpaka mwenye panga aje, na panga hili analo E. coli. Akishakata, rangi inatoka, ukiimulika na mwanga wa UV inang'aa bluu. Ujanja huu sio mpya, Feng na Hartman waliuandika 1982 na mpaka leo ndo tunautumia.

Tyubu ulizia kwa wauza vifaa vya maabara Mombasa ama Nairobi, waambie unataka za mililita 10 za kupima kolifomu (kundi kubwa la bakteria, E. coli akiwa mmoja wao) na E. coli, zenye MUG. Angalia tarehe, na kama unga umeshageuka rangi usinunue. Taa unayo tayari ama anayo mwenye duka jirani yako, ile ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ila geuza usome chini imeandikwa nini, tunataka nanomita 365 (hicho ni kipimo cha wimbi la mwanga). Vile vitochi vya bei rahisi vya 395 vinamwaga zambarau nyingi mpaka huoni kama ni maji yanang'aa ama ni tochi.

Kuchota maji: nawa mikono, chupa iwe safi ya maabara, usiguse mdomo wake kwa ndani. Kama ni mfereji futa mdomo wake uache maji yatoke dakika moja mbili. Kama ni kisima teka kwa ndoo ile ile wanayotekea watu kila siku, manake hayo ndo maji wanayokunywa, usilete ndoo mpya ya kupigia picha. Maji yametiwa klorini? Basi omba chupa yenye thiosulfeti, dawa ya kuizima klorini, la sivyo klorini inaendelea kuua wadudu njiani na wewe unapata jibu zuri la uongo. Weka kwenye kibaridi, upime ndani ya saa 6 ukiweza.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaruka: usijaze tyubu moja, jaza tatu. Ya kwanza maji ya kisima. Ya pili maji yaliyochemshwa yakapoa, huyo ni shahidi msafi. Ya tatu maji ya kisima na tone moja la maji ya mtaro unaopita nje ya nyumba, huyo shahidi mchafu (vaa glavu tafadhali). Funga, geuza juu chini mpaka unga uyeyuke wote, andika kwa tepu ipi ni ipi, usijiambie utakumbuka.

Zinataka joto la digrii 35, saa 24. Kama huna inkyubeta, funga kwenye leso uzungushe kiunoni, ndani ya nguo, ulale nazo. Unacheka lakini wataalamu wanaokwenda mashambani wanafanya hivo hivo. Mimi mara ya kwanza nilijifanya mjanja nkaziweka darini juu ya mabati, nkasema jua la Lamu bure kabisa, kesho yake nakuta zote tatu nyeupe pee, hakuna iliyogeuka rangi. Ningekuwa na tyubu moja tu ningemwambia bibi jirani, mwenye maji yale, kisima chake ni safi, lakini na ya mtaro nayo nyeupe? Hapo nkajua nimewapika.

Kusoma majibu, anza na macho tu. Maji yakigeuka njano maana yake kolifomu wapo, wengine ni wa udongo na majani tu, hao sio wa kukukosesha usingizi. Halafu ingia chumba cha giza, washa taa, isogeze sentimita kama 10 hivi kutoka kwenye tyubu na usiitazame taa yenyewe, inaumiza macho. Njano na bluu pamoja ndo E. coli, na kwenye mililita 10 hiyo ina maana yuko angalau mmoja, wakati WHO wanasema kwenye mililita 100 asionekane hata mmoja. Bluu bila njano usiihesabu. Na usisome baada ya saa 28 ukaanza kupiga kelele, iliyochelewa kugeuka sio jibu.

Ila bluu ina wenzake. Mara moja niliingia gizani nimetoka swala ya Ijumaa, kanzu imefuliwa na sabuni ya unga, taa kuwaka kanzu yote inawaka kama mbalamwezi na tyubu zote zinaonekana bluu! Sabuni hizo zina dawa ya kung'arisha, nayo inashika UV. Plastiki nyingine pia zinang'aa zenyewe. Ndo maana kila mara unalinganisha na shahidi msafi, ukiwa umevaa nguo ya giza.

Maji ya bahari, ama kisima kilichoingiliwa sana na chumvi, changanya moja kwa tisa na maji yaliyochemshwa yakapoa kabla ya kupima, lakini ujue hapo umepima mililita moja tu, kwa hiyo "hakuna" yako ni dhaifu.

Na kuna wasioshikwa. E. coli yule mkali wa aina inayoitwa O157 kwa kawaida hakati MUG, kwa hiyo hatoi bluu. Kipindupindu na taifodi hazionekani hapa kabisa, bluu inakwambia tu kinyesi kimefika majini, na penye kinyesi wengine wanafuata. Kila mdudu na chambo chake, kwa mfano bakteria wa TB (kifua kikuu) wana rangi yao iliyounganishwa na sukari ya trehalosi, bakteria anaivuta kwenye ngozi yake mwenyewe kisha anawaka, kazi ya mkemia wa Marekani Carolyn Bertozzi na dada yetu wa Burundi Mireille Kamariza, ilitoka 2018. Hiyo ni ya maabara, usijaribu kiunoni.

Bibi alipoona bluu ya kisima chake alinambia "mai haya twanywa tangu babu zako, yana nini?" Sikubishana, nkamzimia taa, nkamwonyesha ya maji ya kuchemsha kando yake. Kigingi cha punda kilichokuwa karibu na kisima kikahamishwa siku ile ile na sufuria ikapanda jikoni, maji yachemke mpaka yatokote kabisa dakika moja.

Ukimaliza usimwage tyubu kwenye mtaro, umewafuga siku nzima hao sasa ni mamilioni. Zifungue ndani ya ndoo ya Jik, ziache nusu saa, mwaga chooni, na leso uliyofungia ifuliwe peke yake.