Kibali cha usalama Marekani ukiwa na ndugu nje: usimsahau mama mdogo

Kibali changu, yaani ruhusa ya kufikia siri za serikali, kimetoka wiki iliyopita, kimechelewa miezi kadhaa kwa kosa langu. Naandika ili lisikupate wewe.

Hujiombei mwenyewe. Lazima uwe raia wa Marekani, upate kazi inayodai kibali, mwajiri akudhamini, ndipo ufunguliwe SF-86, fomu ya maswali kuhusu maisha yako, kwenye mfumo wa mtandaoni wa eApp. Makazi, shule na ajira utajaza bila shida.

Ugumu uko Kifungu cha 18, cha jamaa. Wanataka wazazi, watoto, kaka, dada na wakwe, hata waliofariki. Kaka wa baba mmoja anaandikwa, na fomu inataka useme ni wa baba mmoja, hata kama kwenu ni kaka tu. Mama mdogo hayumo kwenye orodha hiyo, nami nikamwacha.

Hapo ndipo nilipokosea. Kifungu cha 19 kinamtaka kila asiye raia wa Marekani ambaye umekuwa na mawasiliano naye ya karibu au ya mfululizo ndani ya miaka 7, na mnaunganishwa na upendo, ushawishi, maslahi au wajibu. Mama mdogo ndiye aliyenilea. Nampigia kila Jumapili. Pesa ninazomtumia nazo zinaulizwa, Kifungu cha 20A, na swali linasema "umewahi", yaani halina kikomo cha miaka.

Kwenye mahojiano mchunguzi aliuliza nani alinilea, nikamtaja. Akaacha kuandika, akapekua kurasa, akasema, "Mbona hayumo humu?" Nilimweleza ukweli, nikampa taarifa zote palepale.

Elewa hili: ndugu wa nje peke yake hakunyimi kibali. Vigezo viko kwenye SEAD 4, mwongozo wa serikali wa kuamua nani apewe kibali, unaotumika tangu Juni 2017. Kigezo B kinapima nchi aliko ndugu, kama ana uhusiano na serikali, jeshi au usalama wa huko, ukaribu wenu, na mizizi uliyoiotesha Marekani. Ukimficha makusudi unaingia Kigezo E, na hapo kinachopimwa ni uaminifu wako.

Kwa hiyo kabla hujafungua fomu, piga simu nyumbani. Kusanya majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, tarehe za kuzaliwa, mahali wanapoishi na waajiri wao. Tarehe isiyojulikana, weka alama ya kukadiria. Nyumba isiyo na namba, eleza mtaa ulivyo kwenye nafasi ya maelezo.

Ukipokea barua ya sababu za kukunyima, usiiweke kabatini. Kwa wafanyakazi wa makandarasi wa Wizara ya Ulinzi, jibu ni ndani ya siku 20 tangu uipokee: kubali au kanusha kila hoja, na uombe kusikilizwa humohumo.

Ukishapata kibali, safari za nje zinatolewa taarifa kabla ya kuondoka. Desemba naenda kumwona mama mdogo. Fomu ya safari iko tayari kwa afisa usalama wetu, na jina lake limeandikwa kamili.