Praktiko ya fizikia: jinsi tunavyofanya kazi maabara

Kidato cha Tatu, siku ya kwanza maabara hamtanakili notisi. Mezani mtakuta stendi, uzi, kizibo kilichopasuliwa katikati, nati nzito ya chuma, rula ya mita na saa ya kusimamisha. Tutapima mvutano wa dunia kwa pendulamu, yaani nati inayobembea kwenye uzi, na kila ninachotaka kutoka kwenu mwaka mzima kitaonekana hapo hapo.

Baneni uzi kwenye kizibo, ning'inizeni nati, ndipo mpime urefu. Ukipima uzi ukiwa umelala mezani, fundo litakudanganya. Pima kuanzia pale uzi unapotokea kwenye kizibo hadi katikati ya nati, jicho likiwa usawa wa alama unayoisoma. Anzeni na sentimita 100, kisha 80, 60, 50, 40 na 20.

Vuta nati pembeni kidogo tu, pembe isizidi digrii 10, halafu iachie bila kuisukuma. Ikianza kuzunguka duara, isimamishe uanze upya. Chora alama ya chaki chini ya nati inapotulia. Nati ikipita juu ya alama, bonyeza saa na utamke "sifuri". Ikipita tena ikielekea upande ule ule, ndiyo "moja". Hesabu hadi 20. Hapa ndipo wengi huharibu: wanabonyeza saa huku wakisema "moja". Kwa uzi wa sentimita 50, mibembeo 20 huchukua kama sekunde 28.4. Aliyeanza na moja ataniletea 27, nami nitajua kilichotokea kabla hajafungua mdomo.

Kwa nini 20, si mmoja? Kidole chako huchelewa, tuseme sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukipima mbembeo mmoja, kosa lote linauangukia huo mmoja. Ukipima 20 na kugawanya, linabaki sehemu moja ya mia ya sekunde. Hili lieleweni vizuri kuliko kanuni yenyewe.

Kila urefu pimeni mara mbili. Tafuteni muda wa mbembeo mmoja, uzidisheni kwa wenyewe, kisha chora grafu yake dhidi ya urefu kwa mita. Mstari unyooke na uelekee sifuri. Mteremko ukiwa karibu na 4.0, gawanya 39.5 (yaani 4π²) kwa mteremko huo. Utapata karibu 9.8, ndicho kipimo cha mvutano wa dunia tunachotafuta.

Ukipata 9.4, andika 9.4. Ripoti yenye 9.4 na maelezo ya kosa limetoka wapi naipa alama nyingi kuliko 9.8 ya kupika. Data za kupika zinajulikana: saa inasoma hadi sehemu ya mia, halafu vipimo vyote viwili vinalingana hadi tarakimu ya mwisho, urefu wote sita. Mkono wa mtu hauwezi hivyo. Ukikosea kuandika, kata kwa mstari mmoja, usifute. Namba iliyokatwa mara nyingi ndiyo inayotuonyesha tatizo lilipo.

Makundi ni ya watu wanne: mmoja anaachia nati, mmoja anashika saa, mmoja anahesabu, mmoja anaandika. Kila mkibadili urefu, badilishaneni kazi. Sitakubali kundi ambalo msichana ndiye mwandishi kila wiki huku wavulana wameshika vifaa. Mtihani wa praktiko kila mtu hufanya kwa mikono yake.

Ripoti ni kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, ila mezani bishaneni kwa Kiswahili mpaka mwelewane. Viatu viwe vya kufunika vidole. Chakula kibaki nje.

Na namba isipoeleweka, niiteni kabla hamjafungua stendi. Kifaa kikiwa bado kimesimama, tunapima tena pale pale na kuona kosa liko wapi.