Simu kuukuu ilinde tela la chipsi

Ile simu yenye kioo kilichopasuka uliyoitupa kwenye droo bado ina kazi. Kama una tela la chipsi linalolala nje, futa kila kitu kilichomo kwenye simu hiyo, weka laini yenye bando dogo, kisha pakua programu ya AlfredCamera kwenye simu zote mbili na uingie kwa akaunti moja. Kuukuu inakuwa kamera. Ya mfukoni inakuletea taarifa kitu kikisogea.

Yangu nimeifunga kwa mpira juu ya rafu ya sahani, inatazama mlango, na taa moja ndogo naiacha inawaka. Usiielekeze dirishani: usiku kioo kinarudisha mwanga, utaona mataa tu.

Wengi hukwama hapa: Android huizima programu kimyakimya ili kuokoa betri. Ingia mipangilio ya betri, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi.

Halafu joto. Tela la bati mchana ni tanuri, na betri inayochajiwa humo mfululizo huvimba. Usiku naiachia pawabenki, asubuhi naondoka nayo. Washa pia huduma ya Google ya kutafuta simu. Tela likivutwa, ramani itakuonyesha linakoelekea.