Mbunge au Diwani Anapomchagulia Mtoto Shule

Anza na lugha kabla ya ada. Nchini Tanzania, shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo kiongozi anayempeleka mwanawe shule binafsi ya Kiingereza tangu darasa la kwanza anamwepusha na mpito ambao watoto wengi wa wapiga kura wake hawana namna ya kuukwepa, na awe tayari kulikiri hilo atakapoulizwa mkutanoni.

Ukiielekea shule ya serikali, itembelee bila msafara, uhesabu madawati na vyoo, kisha uulize kuna walimu wangapi wa hisabati na sayansi. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Usimpigie simu mwalimu mkuu kuomba nafasi, kwa kuwa hatathubutu kukukatalia.

Kuhusu seminari, tambua kwanza ni ya aina gani. Seminari ndogo ya Kikatoliki ipo kwa ajili ya kulea mapadre wa baadaye, hivyo si haki kumpeleka huko kijana asiye na wito kwa sababu tu ufaulu wake unasifiwa.

Shule binafsi ikikupa punguzo la ada ambalo wazazi wengine hawapewi, likatae, au angalau uulize Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kabla ya kulipokea.